Chumba cha nyumbani, fremu, kontena au kujenga upya: studio ya kurekodi uiweke wapi?

Wimbo wa kwanza niliomiksi mwenyewe niliusikia ukipigwa ndani ya daladala ya Mbagala, na besi haikuwemo. Studioni besi hiyohiyo ilikuwa inajaa kifuani, mpaka niliishusha mara mbili kabla sijamkabidhi msanii kazi yake. Nikadhani spika za daladala zimechoka. Baadaye nikausikia saluni, nikausikia kwenye simu ya jirani, kote ni yale yale: mwimbaji yuko mbele, chini yake patupu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba aliyenidanganya ni chumba. Kilikuwa cha futi 10 kwa 10, uani kwa mama mkubwa, nimekibandika trei za mayai kuanzia sakafuni hadi darini kwa mikono yangu, na nilikipenda sana.

Tangu hapo nimeshika nyundo kwenye studio kadhaa za wenzangu. Swali ninaloulizwa kwanza karibu kila mara ni maiki gani nzuri. Mimi huuliza: utaiweka wapi? Maiki ukiikosea unaiuza, unanunua nyingine. Chumba ukikikosea utakaa nacho, na kila kazi itakayotoka humo itabeba kosa lake. Kwa hiyo hapa nalinganisha kwanza mahali, halafu vitu vya kuweka ukutani, halafu kama kuna haja ya buthi, yaani kijichumba cha kumfungia mwimbaji. Namwandikia mtu mwenye bajeti ya kubana, anayeishi kwenye joto na chini ya mabati kama sisi wengi.

Kuzuia na kutuliza

Tenganisha kwanza kazi mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni kuzuia: bodaboda isiingie kwenye maiki, na besi yako isimwamshe mtoto wa jirani. Hiyo inataka uzito, na inataka kila upenyo uzibwe. Ya pili ni kutuliza: sauti iliyozaliwa humo ndani isigonge ukuta ikarudi kuichafua inayofuata. Hiyo inataka vitu vinene, vyenye nyuzinyuzi, vinavyopitisha hewa. Tofali ni hodari kwa kazi ya kwanza na halifai kabisa kwa ya pili. Sponji ni kinyume chake. Mtu aliyebandika sponji ili jirani asisikie amenunua dawa ya macho kutibu jino.

Hesabu ya kutuliza tuliipata kwa Wallace Sabine. Mwaka 1895, pale Harvard, Marekani, alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambao neno la mhadhiri lilibaki hewani likiparamia maneno yanayofuata. Usiku, kukiwa kimya, Sabine na wasaidizi wake walibeba matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, wakayapanga humo, wakapiga filimbi ya kinanda na kupima kwa saa sauti inachukua muda gani kufa. Kila walipoongeza matakia, muda ulipungua. Kipimo alichokichagua ni kizuri mno kwa kufikiria: dirisha lililo wazi. Sauti ikishatoka dirishani hairudi, kwa hiyo mita moja ya mraba ya dirisha wazi inameza kila kitu, na vitu vingine vyote hupimwa kwa kulinganishwa nayo. Chukua ujazo wa chumba, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa idadi ya mita hizo za "dirisha wazi", unapata sekunde za mvumo, yaani muda sauti inaochukua kufa.

Tuijaribu kwenye chumba cha futi 10 kwa 12 chenye dari ya mita 2.7. Ujazo wake ni kama mita za ujazo 30. Kikiwa kitupu, plasta ukutani na vigae chini, mvumo hupita sekunde 2. Kwa kurekodi na kumiksi tunataka kama sekunde 0.3, na hesabu inadai mita za mraba 16 za dirisha wazi. Ishike hiyo 16, nitaihitaji tukifika kwenye vifaa.

Chumba cha nyumbani

Asikudharau mtu kwa kuanzia nyumbani. Mwaka 1959 Berry Gordy, mwanzilishi wa kampuni ya muziki ya Motown, alinunua nyumba ya kawaida mjini Detroit, Marekani, akageuza sehemu ya nyuma iliyokuwa studio ya mpiga picha kuwa chumba cha kurekodi, na humo ndimo zilimotoka nyimbo za Motown zilizozunguka dunia nzima. Chumba cha juu chini ya paa walikitumia kuongeza mwangwi.

Faida kubwa ya chumba cha nyumbani kwetu ni tofali. Ukuta wa tofali la saruji lililojaa, la inchi 6, una karibu kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Uzito ndio unaozuia: kila unapoongezeka maradufu, ukuta unakata kama desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 hadi 6 zaidi. Ukuta huo ukipigwa plasta pande zote mbili umeshashinda nusu ya vita bila wewe kununua chochote.

Nusu ya pili ndiyo ngumu, nayo iko kwenye mlango, dirisha na dari. Chukua ukuta wa mita 10 za mraba wenye mlango wa upana wa sentimita 80, na chini ya mlango pana upenyo wa sentimita 2. Hata ukuta wenyewe ungekuwa wa chuma cha meli, upenyo huo peke yake hauruhusu ukate zaidi ya desibeli 28 hivi, wakati ukuta wa tofali una uwezo wa 45 na zaidi. Sentimita mbili! Fundi seremala mmoja nilimwambia namtaka mlango wa mbao nzito wenye raba pande zote nne, akanijibu, "Bosi, huu mbona tayari unafunga vizuri." Tulizima taa, yeye akabaki ndani, mimi nikapita nje na tochi nikaimulika fremu ya mlango polepole. Alihesabu mwenyewe mahali mwanga unapoingia: sehemu saba. Mwanga unapopita, sauti inapita. Aliutengeneza upya bila kubishana.

Kwenye nyumba za kupanga kuna shida nyingine iliyojificha. Kuta za vyumba mara nyingi hazifiki kwenye mabati. Zinaishia usawa wa dari, na juu ya dari ni uwazi mmoja unaovuka vyumba vyote. Ukikohoa kwako unasikika vyumba vitatu mbele. Hapo ukuta wa kilo 300 haukusaidii, sauti inapanda inauruka. Dawa yake ni kushusha dari ya pili ya jipsamu, tabaka mbili, viungo visikutane, pamba ya mawe (rockwool, nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) ikilala juu yake. Inabeba uzito huo kwenye mbao zake zenyewe. Usiitundike kwenye dari ya zamani.

Na kuna umbo. Hapa ndipo chumba cha mama mkubwa kiliponiumiza. Kwenye joto letu sauti inakwenda kama mita 345 kwa sekunde. Gawanya hiyo kwa mara mbili ya urefu wa chumba, unapata masafa ambayo chumba kitayavimbisha. Futi 10 ni mita 3.05, kwa hiyo Hertz 57 hivi, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Uzi wa A wa gitaa la besi ukiachwa wazi ni Hertz 55, jirani kabisa. Chumba changu kilikuwa na futi 10 upande mmoja na futi 10 upande wa pili, uvimbe mmoja juu ya mwingine, nami nilikaa mgongo ukigusa ukuta, mahali ambapo uvimbe huo ni mkubwa kuliko pote. Nilisikia besi nyingi ambayo haikuwemo kwenye wimbo. Nikaishusha. Daladala ikasema ukweli.

Ukiwa na vyumba viwili vya kuchagua, kimoja 10 kwa 10 na kingine 10 kwa 12, chukua cha pili hata kama kina plasta mbaya. Upande wa futi 12 unavimbia Hertz 47, wa 10 unavimbia 57, dari ya mita 2.7 inavimbia 64. Vimetawanyika, na kilichotawanyika kinatibika.

Kwa walio Zanzibar au Lamu wenye nafasi kwenye nyumba za kale za mawe, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa karibu nusu mita ni zawadi kwa upande wa kuzuia. Ila boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu hazikuruhusu vyumba kuwa vipana, ndiyo maana vingi ni virefu na vyembamba, upana mita 3 au pungufu. Panga spika zitazame upande wa urefu, na weka nguvu yako yote kwenye kuta mbili ndefu.

Fremu ya kupanga

Fremu ya duka inavutia kwa sababu wateja wanaiona. Kama imo kwenye ghorofa na juu yako kuna zege, umeepuka mvua ya mabati, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayefanya kazi masika na vuli. Lakini kilichoko mbele ni shata la bati au kioo, na nje yake ni barabara. Ubavuni upande mmoja ni ukuta wa zege, upande wa pili ni mtu anayechomelea mageti. Ili izuie kweli itabidi ujenge ukuta kamili nyuma ya shata, na mkataba ukiisha ukuta huo unamwachia mwenye nyumba. Mimi fremu ningeichukua kwa kutengeneza biti, matangazo ya sauti na kumiksi. Kurekodi vyombo hai, hapana, isipokuwa iko nyuma ya jengo na mkataba wake ni wa miaka.

Kontena

Kontena limekuwa ndoto ya vijana wengi, na naelewa kwa nini. Linashushwa asubuhi, jioni una mlango wa chuma unaofungwa, mwizi hapiti ukutani. Kiwanja kisipokuwa chako unalihamisha. Kwa hilo halina mpinzani.

Kwa sauti, lina matatizo matatu, na la kwanza watu hawaliambiwi. Kontena la kawaida la futi 20 lina urefu wa ndani wa mita 5.90, upana 2.35 na kimo 2.39. Tazama hizo mbili za mwisho. Upana unavimbia Hertz 73, kimo kinavimbia 72. Ni kosa lilelile la chumba cha futi 10 kwa 10, safari hii limelazwa ubavu, na huwezi kulirekebisha kwa kubomoa. Ukivalisha ndani kwa mbao na jipsamu unapunguza pande zote kwa pamoja, kwa hiyo zinabaki zimekaribiana. Ndiyo maana, kama ni lazima iwe kontena, tafuta lile refu la kwenda juu, lenye kimo cha ndani cha karibu mita 2.7. Tofauti ya sentimita 30 hivi inaukata urafiki wa upana na kimo, na inakupa pia nafasi ya kuweka pamba nene darini bila kuinama.

La pili ni uzito. Bati la ukuta wa kontena lina unene wa kama milimita 1.6, yaani kilo 12 hadi 13 kwa mita ya mraba. Weka hizo pembeni ya kilo 300 za tofali. Tena chuma kinalia: kigonge kwa kifundo cha kidole usikie. Inabidi ujenge ngozi ya pili ndani, fremu yake isiguse bati popote, tabaka mbili za jipsamu, pamba kwenye uwazi. Ukifanya hivyo kwa uangalifu, maongezi na miziki ya mbali inazimika vizuri. Jenereta la jirani na lori linalopanda mlima vitaendelea kupenya, maana sauti za chini zinaogopa uzito tu, na uzito huna.

La tatu ni joto. Chuma juani saa nane mchana hakivumiliki, kwa hiyo kiyoyozi si anasa, na kiyoyozi kinavuma. Utakizima kila unapobonyeza kurekodi, na baada ya nyimbo mbili jasho linadondokea maiki. Hewa nayo: chumba kilichozibwa sawasawa kikiwa na watu wanne kinachosha haraka, watu wanaanza kupiga miayo na uimbaji unalegea. Tengeneza kisanduku cha kupitishia hewa chenye kona tatu au nne, ndani kimevikwa pamba, na feni kubwa inayozunguka polepole. Hewa inapinda kona, sauti inamezwa njiani. Kisanduku hicho kinahitajika kwenye studio yoyote iliyozibwa, ila kwenye kontena hukiahirishi hata wiki moja.

Kujenga upya

Mwenye kiwanja na subira, ajenge. Studio maarufu ya Abbey Road pale London ilikuwa nyumba ya makazi iliponunuliwa, lakini wenye kampuni ya rekodi ya Gramophone, iliyokuja kuwa EMI, hawakurekodi sebuleni. Walijenga studio zenyewe nyuma, kwenye eneo la bustani, zikafunguliwa mwaka 1931. Ukijenga unachagua vipimo mwenyewe.

Hicho ndicho unachokilipia ukijenga: vipimo. Kuna uwiano kadhaa wa kimo, upana na urefu uliofanyiwa hesabu na wataalamu wa sauti ili uvimbe wa chumba usirundikane. Wa Louden ni 1 kwa 1.4 kwa 1.9. Dari yako ikiwa mita 3, upana uwe 4.2 na urefu 5.7. Wa Sepmeyer ni 1 kwa 1.14 kwa 1.39, unafaa kwenye eneo dogo: mita 3 kwa 3.42 kwa 4.17. Vipimo hivyo ni vya ndani, baada ya plasta. Mwambie fundi hivyo kabla hajachimba msingi, na mwandikie kwenye karatasi. Havigharimu hata mfuko mmoja wa saruji wa ziada ukilinganisha na chumba cha mraba, na vinaokoa pesa nyingi za vifaa baadaye. Watu huniuliza kuhusu kuta za kupinda au za kukaa mshazari. Kwenye chumba kidogo sioni kama zinalipa usumbufu wake.

Ukuta mmoja wa inchi 6 unatosha kwa sauti za waimbaji na gitaa kavu kama jirani yuko mita kadhaa. Kwa ngoma na bendi nzima jenga kuta mbili zilizoachana, kila moja na msingi wake, bila tofali la kuziunganisha. Ukipitisha tofali moja tu katikati "ili zishikane", umezifanya ukuta mmoja. Simama hapo siku ya kujenga, maana fundi mwashi mzuri ana desturi ya kushikanisha, na kwake huo ni uaminifu.

Paa: zege ukiweza. Usipoweza, mabati, kisha uwazi, kisha dari nzito ya jipsamu kama nilivyoeleza. Bado mvua kubwa utaisikia.

Ukutani uweke nini

Trei za mayai nazijua vizuri kuliko kifaa kingine chochote, kwa hiyo nizimalize haraka. Ni karatasi nyembamba. Zinapunguza kidogo sauti za juu, zile za "s" na "ch", na ukiingia chumbani unahisi pametulia. Besi haizioni kabisa. Chumba kinabaki na uzito wote wa chini bila mwanga wa juu, na hicho ni kibaya kuliko chumba kitupu. Sponji ya inchi moja au mbili yenye vinundu inafanya hivyohivyo, kwa bei kubwa zaidi.

Kuna sababu nyingine ya kuziogopa. Tarehe 20 Februari 2003, klabu ya The Station katika jimbo la Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani ili kupunguza kelele. Watu 100 walikufa. Tarehe 27 Januari 2013, klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, sponji tena, watu 242, wengi wao kwa moshi. Studio zetu zina mlango mmoja, dirisha limejengewa, nyaya zimerundikana kwenye sakafu ya mbao. Usilaze watu wako ndani ya sponji ya magodoro. Na mlango ufunguke kwenda nje, usiwe na kufuli linalofungwa upande wa nje wakati mtu yumo.

Pamba ya mawe ndiyo ninayoipendekeza. Haishiki moto, na unene wa sentimita 10 ukiiacha mbali na ukuta kwa sentimita nyingine 10 inashuka mpaka kwenye sauti nzito za kiume. Paneli zake huja za mita 1.2 kwa 0.6. Sasa rudi kwenye ile 16: kila moja ina mita za mraba 0.72, kwa hiyo unahitaji kama 22. Toa kiti cha sofa, zulia, na miili ya watu, fanya 18 hadi 20. Kuzikata vaa glavu, barakoa na mikono mirefu, inawasha vibaya. Kisha zifunge kwenye fremu ya mbao na uzivike kitambaa kinachopitisha hewa. Kipimo cha kitambaa ni mdomo wako: kiweke puani na mdomoni, pumua, ukipumua bila kujikaza, kinafaa. Kanga ya pamba inafaulu. Doti moja inavika paneli mbili, kwa kubana kidogo pembezoni, na jina la kanga likitazama chumbani wateja hulisoma na kuanza kuongea, waoga wanasahau maiki.

Panapokosekana pamba ya mawe, au bei imepanda mno, yapo ya kwetu. Sufi ina nyuzi laini zenye uwazi ndani, inameza sauti vizuri sana, lakini inashika moto upesi na inashuka chini ya paneli baada ya miezi. Ishone kwa vifundo kama mshona magodoro anavyofanya, na iweke mbali na soketi. Usumba una nyuzi nene, kwa hiyo unahitaji unene zaidi kufanya kazi ileile, nao ukilala mahali penye unyevu unaota ukungu. Mablanketi na maduvei ya mtumba, yakikunjwa tabaka nyingi na kutundikwa mbali kidogo na ukuta, ni ya kuaminika kuliko sponji yoyote. Nimewahi kusimamisha marobota mawili ya nguo za mtumba kwenye pembe za chumba kwa rafiki yangu muuza nguo, na pembe ndiko besi inakojirundika. Biashara ikaendelea, na besi ikatulia.

Ukiwa na fedha ya paneli sita tu, usizisambaze kama picha za ukutani. Nne simamisha kwenye pembe, kutoka sakafu kwenda juu, zikiwa mshazari ili nyuma yake pabaki uwazi. Mbili weka kulia na kushoto kwako. Kupata mahali pake kamili, kaa kwenye kiti cha kumiksi, mwenzako ateleze kioo cha kujitazamia ukutani. Unapoiona spika kwenye kioo, paneli inakaa hapo. Kiti chenyewe kiweke kama asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele. Kwenye chumba chetu cha futi 12 ni mita 1.4.

Buthi au chumba kimoja

Karibu kila mteja anataka buthi, maana buthi ndiyo inayoonekana kwenye picha. Buthi ya mita 1.2 kwa 1.2 inavimbia Hertz 144, katikati kabisa ya sauti ya kiume ya kawaida. Ukiipaka sponji unameza juu na kubakisha uvimbe huo. Mwimbaji anatoka akisikika kama amefunikwa na ndoo.

Ustadhi mmoja alikuja na vijana wa qaswida, madufu matatu na waimbaji wanane. Tukajaribu dufu kwenye buthi, mmoja mmoja. Kila dufu lilikuwa sanduku. Nikamwambia, "Ustadhi, tuhamie sebuleni." Tukavuta makapeti, tukatundika maduvei mawili nyuma ya waimbaji, tukazima friji na feni, tukawapanga nusu duara, maiki mbili. Wakapiga wote pamoja wakitazamana. Kiongozi akiinua bega, kundi zima linajua linaingia. Hilo buthi haliwezi kukupa.

Kwa mwimbaji mmoja fanya hivi: chumba kimoja, maiki isimame mbali na kuta zote, duvei litundikwe nyuma ya mwimbaji. Wengi wanaliweka nyuma ya maiki. Maiki nyingi za kurekodia zinasikiliza mbele na kuziba masikio nyuma, na mbele yake ni mwimbaji pamoja na ukuta ulio mgongoni kwake. Ukuta huo ndio wa kuuvika. Buthi ijenge pale tu unapolazimika kurekodi mtu huku mwingine akisikiliza spika kubwa, au kompyuta yako inavuma na huna mahali pengine pa kuiweka. Isipungue mita 2 kwa 1.7, na paneli zake ziwe nene zilezile.

Mimi ningechagua nini

Mwenye chumba cha tofali nyumbani, hata kama ni kidogo, akae hapo. Fedha ya kodi ya fremu ya mwaka mmoja inatosha mlango mzuri na paneli kadhaa. Mwenye kiwanja cha kuazima, kontena refu la kwenda juu, akijua anakubali joto na besi ya jirani. Anayerekodi bendi, ngoma au kwaya, ajenge, au apange ukumbi kwa siku moja na kubeba maduvei. Fremu ni kwa anayetaka kuonekana na hafanyi kazi ya vyombo hai.

Na kabla ya kulipa kodi au kusaini chochote, nenda mahali hapo mara mbili: saa moja jioni watu wakirudi, na alfajiri kabla ya adhana. Keti sakafuni dakika kumi bila kuongea, andika kila unachokisikia. Piga kofi moja katikati ya chumba, moja kwenye kila pembe. Ukisikia "trrr" kama ulimi wa njiwa, kuta mbili zinarushiana sauti, na hiyo inatibika kwa paneli. Imba noti ya chini polepole ukipanda, usikie ni wapi chumba kinaanza kuimba na wewe, iandike. Kisha mwombe mwenye nyumba awashe pampu ya maji, na mpangaji wa juu atembee.